Majalibuni

...kwa hivyo si kweli kwamba maziwa humwagika ghafla, hilo Wamae angeweza kumweleza yeyote kati ya wale walioketi sebuleni kwake kama angeulizwa, maana maziwa ndiyo kazi yake, miaka yote hii katika maabara ya kiwanda, akitumbukiza laktomita katika maziwa ya watu na kujua ni nani aliyeongeza maji, maziwa hujiandaa, utando mwembamba hujifunga juu yake kimyakimya, mvuke hutafuta njia chini ya utando ule na kuikosa, huusukuma wote juu kwa pamoja, na mtu aliyegeuka kidogo tu kuchukua majani ya chai husema yamemwagika ghafla, kumbe yalikuwa njiani muda wote, na ndiyo sababu amesimama hapa mbele ya meko ya gesi, kijiko mkononi, hageuki, isipokuwa macho, macho yanakwenda yenyewe hadi kwenye simu aliyoilaza kifudifudi kando ya kopo la chumvi, simu ambayo sasa hivi imetetemeka na kunyamaza, na ambayo yeye anajua, bila kuifunua, imesema nini... leo saa kumi nakufungulia chumba, ni wewe na mimi tu, hivyo ndivyo alivyoandika jana yule mwanamke wa kwenye video anayejiita Njoki, utaniambia unataka nikuwe nani... na saa kumi ndiyo hii, na nyumba imejaa watu wa maombi.

"Baba Sophie!" ni Mama Kim, jirani, sauti yake haijawahi kuhitaji mlango ulio wazi, "hiyo chai ni ya leo ama ni ya Krismasi?" na vicheko, na Mzee Ngatia, mzee wa kanisa, akidakia, "Mwache, mama, maziwa ya mtu wa maabara inapimwa kwanza, ikianguka mtihani tunakunywa maji," na Wamae anasema, "Inakuja," kwa sauti ya mwenye nyumba, sauti tulivu, na anashangaa jinsi ilivyotoka safi, haina hata ufa, mtu angeisikia angesema huyu anafikiria majani ya chai. Kikundi cha maombi cha mtaa hukaa Jumamosi kwa zamu, nyumba kwa nyumba, Wamagana yote ya upande huu wa barabara, na tangu mkewe Murugi azikwe walikuwa wakiruka nyumba hii kwa huruma, zamu ikitoka kwa Ngatia inakwenda moja kwa moja kwa Mama Kim kana kwamba hapa katikati pamekuwa shimo, hadi yeye mwenyewe aliposema msiniruke, nami niko, na sasa wako, wamevua viatu vya matope mlangoni ingawa aliwaambia wasivue, na ukungu wa milima ya Nyandarua umeshuka hadi kwenye majani ya chai ya jirani, dirisha la jikoni limekuwa jeupe kama sufuria hii, na Murugi angekuwa hapa angeshakuwa amechemsha, amechuja, amemimina, amerudi kuketi kwenye kile kigoda chake karibu na mlango, kwa sababu Murugi hakusimama kulinda maziwa, aliyasikia, alikuwa sebuleni akiimba na katikati ya ubeti aliinuka, akaenda, akazima moto, maziwa yakiwa kidole kimoja chini ya ukingo, na aliporudi hakuwa amepoteza hata neno la wimbo... aliyasikiaje, hakuwahi kumwuliza, kuna mambo ambayo mtu hamwulizi mkewe kwa sababu anadhani yuko naye.

Na neno ndilo lililomkamata, si sura, angependa hilo lieleweke, ingawa hakuna anayemsikiliza, neno, mchana mmoja nje ya kiwanda, amekaa kwenye gari akingoja mvua ipungue, kidole kikisukuma video juu, ng'ombe wa nchi za watu, mhubiri, mtu anayechoma mahindi kwa mtindo mpya, vijana wakicheza densi sokoni Kiriaini, na hapo ikapita sauti ya mwanamke akicheka, amefunga kitambaa chekundu, akiwakemea wanaume waliokuwa wakimwandikia, "Aki nyinyi, msinitie majalibuni," na kidole kikasimama. Majalibuni. Alidhani amesikia vibaya. Akaketi pale hadi aliposikia tena, na aliposikia tena hakuona mvua ikiisha, kwa sababu katika dunia hii nzima alikuwa amemjua mtu mmoja tu aliyelitamka neno lile hivyo. Watu wa huku hawakuzaliwa na sauti ya l, ulimi wao huiweka r mahali pake, kila mtu anajua, hata watu wa mbali wanaowachekesha wengine kwa kuiga ulimi huu wanajua, na wengi wamejizoelea wakaacha iwe hivyo, lakini Murugi alikuwa mwalimu wa chekechea, alitaka watoto waende shule ya msingi wakisema vizuri, akaikimbiza l kwa bidii, akaikimbiza hadi akapitiliza, akaiweka hata pale isipohitajika, balabala, halusi, majalibuni, na pale ilipohitajika kweli akaisahau, umekura, Baba Sophie, umekura? Na yeye, mtu wa vipimo, alimwambia ni majaribuni, mama, fikiria jaribu, fikiria jaribio, naye hakukasirika hata siku moja, alisema, "Hiyo yako ni ya maabara, hii yangu ni ya kanisa," na kuhusu kura alimwambia kura ni ya kupiga, naye akajibu, "Basi piga, rakini ukure kwanza," na hilo likawa mzaha wa nyumba, siku za uchaguzi alimwekea chakula na kusema sasa ndio umefika wakati wako...

"Mimi nitasema ukweli," Mama Kim anasema kule sebuleni, na kiti kinalia, kila anapotaka kusema ukweli husogea mbele, "somo ya leo ya majaribu imenipata mimi mwenyewe, tusiwe tunasema vijana, vijana. Kuna wale watu huosha mazulia kwa simu." "Kwa simu?" "Wanaonyeshwa kwa simu, Mzee. Zulia imechafuka mpaka huwezi jua ni rangi gani, wanamwaga maji, wanasugua, inatoka maji nyeusi, nyeusi, unaona ua moja imetokea, unasema nione tu hiyo ingine, ng'ombe analia, na mimi nasema nione tu hiyo ingine, mpaka jirani akakuja kuuliza kama nimekufa." Kicheko kikubwa, hata Sophie, bintiye, anacheka, kicheko kifupi cha kupanda, na Ngatia anasema, "Sasa hiyo mama si dhambi, hiyo ni usafi," na Mama Kim, "Usafi gani na zulia yangu iko vile unaiona?" na Ngatia anakohoa kurudisha heshima ya kikao, "Rakini ni kweri. Shetani wa siku hizi ameacha kutembea usiku, ananunua tu bando," na wote wanakubali kwa kuguna, na Wamae jikoni anaguna pamoja nao, kidogo, kwa mazoea, kisha anasikia kuguna kwake na kunyamaza. Zulia. Laiti lingekuwa zulia. Anajaribu kufikiria akitoka hapa na kijiko chake, anasimama mlangoni mwa sebule, anasema nami pia ndugu zangu, kuna mwanamke huniuliza kama nimekula... na hapo sentensi inakataa, kwa sababu ikiishia hapo ni jambo la kuhurumiwa tu, na haiishii hapo, yeye ni mtu wa kupima, anajua mahali pale maji yalipoongezwa.

Haikuanza na maji. Ilianza safi, au karibu na safi, jioni ya pili alijiandikisha ili aweze kuandika, simu ikataka jina, akaandika Mtu wa Maziwa, na Njoki, ndiye yule wa kitambaa chekundu, akiwa hewani moja kwa moja, akalisoma kwa sauti kati ya majina mengi, akacheka, "Karibu Mtu wa Maziwa, umekura?" na Wamae akaketi kwenye ukingo wa kitanda na simu kwenye magoti yake kama mtu aliyepewa kitoto cha watu akishike, akaandika bado, kwa sababu ilikuwa kweli, na yule mwanamke akasema, "Aki nenda ukure kwanza, mimi niko hapa," naye akainuka, akaenda jikoni, akakaanga yai, akalila amesimama, akarudi, akaandika nimekula, na Njoki akapiga makofi mawili kule alikokuwa, akasema, "Ona, sasa huyo ni mwanaume." Hivyo tu. Mtu aliyesoma chuo kikuu, aliyewahi kusahihisha ripoti za wenzake hadi wakamwogopa, alilishwa kupitia kioo kama kifaranga, akalala usingizi mzuri. Jioni iliyofuata akala kabla ya wakati ili aweze kuulizwa na kujibu. Na Njoki, jina lenyewe lina maana ya aliyerudi, kila mtu wa huku anajua, pengine amejipa tu, Njoki haachi wanaume wote wakiwa wamekula tu, kuna wakati jioni inageuka, wanaanza kumtumia maua ya kuchorwa, yale ya kununuliwa kwa pesa, yanapanda kwenye kioo mekundu mekundu, taa yake inapungua, sweta inateleza begani, sauti inashuka, na mtu mwenye akili anajua kwamba huo ndio utando ukijifunga, huo ndio wakati wa kuzima moto, na Wamae alijua, aliujua wakati ule kwa usahihi kama anavyojua kila kipimo cha kazini, wala hakuzima. Alitazama lile bega. Jumapili alisimama na kitabu cha nyimbo, mistari yote ikiwa mahali pake, na bega likaja likakaa kati ya ubeti wa pili na wa tatu, akaimba kwa sauti ya juu zaidi, na mtu wa kiti cha mbele akageuka kumtazama kwa furaha, akidhani ni imani... Mwili wake haujafa, hilo ndilo jambo ambalo hakuna anayemwambia mjane mwanamume, wanamwambia jipe moyo, wanamwambia utaonana naye, hakuna anayemwambia kwamba mkono utaamka asubuhi na kutafuta upande wa pili wa kitanda kabla ya yeye mwenyewe kuamka, na kukuta baridi pale, na kukaa pale hata hivyo, ukingoja.

"Baba," ni Sophie, ameingia, hakumsikia, amekuja kuchukua kichungi, anavikusanya vikombe kwa mkono mmoja, kidole kimoja kwa kila mkono wa kikombe, vitano kwa pamoja, hivyo ndivyo mama yake alivyovibeba, na wakati huohuo simu inatetemeka tena juu ya kaunta, inatembea kwa mtetemo wake, inasogea ukingoni kama mende, "Baba, simu yako inaanguka," ananyosha ule mkono mwingine, na Wamae anaiwahi, anaifunika kwa kiganja, haraka kuliko inavyostahili simu yoyote. "Ni kazini," anasema. "Kazini Jumamosi?" "Ng'ombe hawajui Jumamosi." Anacheka, Sophie, kwa sababu ya ng'ombe, halafu anamtazama, si kwa shaka, ingekuwa afadhali shaka, anamtazama jinsi mtu anavyotazama dirisha kuona kama mvua imeanza, "Umekula mchana?" anamwuliza, kila herufi mahali pake, Sophie hutamka kama watangazaji wa habari, hiyo ilikuwa kazi ya baba yake, alimrekebisha tangu akiwa mdogo, kwenye gari, njia nzima ya kwenda Murang'a kwa nyanya yake, sema barabara, sema harusi, sema lori, akayapata yote, na Wamae anasema, "Nitakula," kama anavyojibiwa mtu wa ofisini, na Sophie anasema nduma alizochemsha Mama Kim ziko hapo, nimezifunika, usingoje zipoe, na kutoka, vikombe vikigongana kidogo vidoleni mwake. Ni kazini. Ametamka uongo ndani ya jikoni hii, kwa mtoto wake mwenyewe, ukatoka laini kuliko ile inakuja ya chai, na kiganja bado kimefunika kioo na kioo kina joto, joto la kitu kilichokuwa hai, na anakigeuza. *Uko?* imeandikwa. Na chini yake, *Mtu wa Maziwa uko? Nakungoja hapa pekee yangu.* Na chini kabisa kuna alama ya mlango, kijani, na neno moja, Ingia.

Maziwa yametulia, ukingoni vimeanza viputo vidogo vidogo kama ushanga, bado, na Wamae anasimama na kijiko katika mkono mmoja na simu katika mwingine, na anajua hasa atakaloomba, amelipanga usiku kucha kwa utaratibu mbaya kabisa, utaratibu wa maabara, kwanza atamwambia afunge kitambaa cha kahawia badala ya chekundu, kama alivyofunga Murugi, mbele, fundo juu ya sikio la kushoto, halafu aseme Baba Sophie, si Mtu wa Maziwa, Baba Sophie umekura, halafu aseme lile neno, majalibuni, polepole, halafu azime taa, na akishazima taa itabaki sauti tu, na sauti gizani haina uso, inaweza kuwa ya yeyote, na hapo... na hapo anajua pia kinachofuata, hajidanganyi, atamwambia na mengine, na yule mwanamke atayafanya, kwa sababu ameahidi, unataka nikuwe nani, na kwa muda mfupi, labda kwa urefu wa wimbo mmoja, mkono utakaonyoshwa upande wa pili wa kitanda utagusa kitu. Je, ni dhambi mtu kumtamani mke wake mwenyewe? Hilo swali amelizungusha jioni nyingi, ni swali zuri, lina sura ya swali la kweli, mtu angeweza hata kuliuliza kule sebuleni na Ngatia akakuna kidevu, lakini Wamae amepima maziwa mengi mno asijue rangi ya kitu kilichochanganywa, si mke wake aliye nyuma ya mlango ule wa kijani, ni mtoto wa watu, amekaa kwenye chumba fulani, jioni moja jogoo aliwika nyuma yake akashtuka, akageuza simu, ukutani pakaonekana mfuko wa unga umening'inizwa juu ya msumari na sweta ndogo ya shule inayokauka, kisha akarudi na tabasamu lake, na hakuna mwanaume hata mmoja kati ya wote wale aliyeuliza ile sweta ni ya nani. Atamfunga kitambaa cha marehemu kichwani. Atamwambia afe kidogo ili mwingine arudi. Na bado kidole gumba kiko juu ya alama ya mlango, hakijagusa, kiko hapo, kinasikia joto... Bwana, nisaidie, anasema, na hajui kama amesema kwa mdomo au kwa ndani, na anaona aibu kidogo kwa sababu sehemu moja ya moyo wake inaomba asisaidiwe upesi.

Usiku mmoja, Murugi akiwa hai, taa imezimwa, alimwambia kwa utani, unajua hilo neno lako lina neno jingine ndani, kujali, wewe ukisali unamwambia Mungu usitutie mahali pa kujaliwa, nani huomba hivyo? Alidhani atacheka. Murugi alilifikiria, alikuwa mtu wa kulifikiria jambo hata likiwa la mzaha, na baadaye gizani akasema, "Si ndio hapo mtu huangukia? Mahari hujariwi unajishikiria vizuri. Unaangukia mahari unajariwa." Halafu akageuka, akavuta blanketi, akamwachia kidogo. Ni leo tu anakumbuka hilo. Au alikuwa akilikumbuka siku zote na kulipita, kama ile nyumba iliyorukwa kwenye zamu.

"Jameni," Ngatia anasema sebuleni, "hiyo ukungu imekuwa mvua, tukingoja chai tutarara hapa. Tusari sasa, chai ikuje ikitupata tumemariza." "Na Baba Sophie?" "Atasari akiwa huko na sufuria yake, kwani Mungu hajui jikoni?" na Mama Kim anapaza sauti bila haja, "Baba Sophie! Tunasali, jiunge ukiwa huko huko, na usifunge macho maziwa isimwagike!" na vicheko vinashuka vikawa kikohozi, vikawa kimya, viti vinasogezwa, mtu anavua kofia bila shaka, na sala inaanza, ile ya Bwana, ile ya wote, ile isiyohitaji mtu wa kuiongoza, sauti zikiingia moja moja kama watu wanaoingia ibadani wamechelewa, Ngatia na r zake zote bila hata moja kukosekana, Mama Kim akiwa mbele ya wengine nusu neno, mzee mmoja wa pembeni akinong'ona tu, na Wamae ameisikia sala hii mara nyingi kiasi kwamba haisikii, iko kama mvua kwenye mabati, macho yake yako kwenye alama ya kijani, *Uko?* imeandikwa tena chini, *Nifunge ama?* na kidole kinashuka, hapana budi kukubali kwamba kinashuka, na sebuleni wamefika kwenye mkate, wamefika kwenye makosa, na sauti moja changa, iliyonyooka, ya mtangazaji wa habari, inapanda kidogo juu ya nyingine zote na kusema, majalibuni.

Hakusikia vibaya. Anajua alichosikia. Ni Sophie, Sophie asiyekosea, Sophie wa barabara na harusi na lori, na hakusema kwa mzaha, sauti haikutabasamu, wala hakusema kwa makusudi ya kumkumbuka mtu, limepita tu mdomoni mwake katikati ya maneno mengine jinsi linavyopita neno ambalo mtu hajawahi kulisikia likisemwa vingine... Anaona chumba kidogo cha nyuma, godoro, chandarua kimefungwa fundo, Murugi amepiga magoti, kitoto cha miaka mitatu kimepiga magoti kando yake, kimefumba macho kwa nguvu hadi uso mzima umekunjamana, Murugi anasema neno, kitoto kinasema neno, na baba yake yuko wapi, yuko mlangoni, na mkono kwenye swichi ya taa, anangoja wamalize azime, anasikia lile neno likitoka kwa mama na kuingia kwa mtoto, na hasemi kitu, kwa sababu yote mengine aliyarekebisha, kwenye gari, mezani, dukani, lakini nani humrekebisha mtu anayesali? Likabaki pale. Alidhani limezikwa. Alilitafuta kwenye simu, kwa mgeni, kwenye kitambaa chekundu, na lilikuwa hapa ndani ya nyumba, linachukua kichungi, linabeba vikombe vitano kwa mkono mmoja, na sasa hivi tu, dakika chache zilizopita, lilisimama hapa alipo na kumwuliza kama amekula, naye alijibu kama mtu wa ofisini kwa sababu l ilikuwa mahali pake. Haliondoi lolote, anajua, hii si dawa, kitanda kile kitakuwa baridi vilevile usiku wa leo na mkono utaamka, Murugi hakurudi, jina lile halimrudishi mtu, hata Sophie si yeye na haifai awe yeye. Lakini kuna kitu kilichokuwa kikisukuma kutoka chini, juu, juu, na sasa kimepata mwanya mdogo na mvuke wake unatoka kupitia macho, taratibu, bila kelele. Sebuleni wamefika kwenye ufalme na nguvu, wanakaribia amina, na Wamae, akiwa nyuma yao kwa mstari mzima, anafungua mdomo na kusema sehemu yake, kwa sauti ya chini, juu ya sufuria, na anapofika kwenye neno lile, mtu wa maabara, mtu wa jaribu na jaribio, analisema kama lilivyosemwa katika nyumba hii, usitutie majalibuni, na anajua vizuri kabisa anachoomba.

Amina, wanasema kule. Simu bado ina joto. *Nifunge?* Hawezi kutoka bila neno, mtu amekaa pale akimngoja, ana sweta ya mtoto ukutani, na kuna swali lake la kila jioni, lile la kula, ambalo leo halijajibiwa, lakini Wamae haandiki lisilo kweli, uongo mmoja kwa siku unatosha, kwa hivyo anafunua bakuli la Mama Kim, anachukua kipande cha nduma, bado kina moto katikati, anauma, anatafuna, anameza, kinashuka kifuani kizito kama ngumi, na hapo ndipo anaandika kwa kidole gumba, polepole, akikagua kila herufi, *Nimekura. Nawe ukure, na mwenye sweta.* Anatuma. Hangoji jibu, kwa sababu anajijua, jibu lingekuwa jema. Anabonyeza picha ya ile programu na kuishikilia hadi ianze kutetemeka, simu inamwuliza kama ana hakika ya kuifuta. Hana hakika. Anabonyeza ndiyo.

"Baba Sophie, tumemaliza mpaka amina!" Mama Kim anaita, "sasa hiyo sababu ingine ni gani?" Na Wamae anafuta uso kwa mkono wa shati, anamwita Sophie aje na kichungi, aje tu, asimame hapa naye kidogo, na anayatazama maziwa, utando umejifunga juu yake, mweupe, umetulia, umeanza kupumua katikati, na bado hayajachemka.